Mamlaka ya Muungano na Sheria za Dawa za Kulevya



Kijana wa hapa akikutwa na bangi Nachingwea, na nduguye akikutwa na bangi kama hiyo Unguja, wote wawili waweza kukamatwa na Jeshi la Polisi lile lile. Hata hivyo hawatahukumiwa kwa sheria moja. Wengi huuliza: je, hii si nchi moja?

Ni nchi moja, ila mamlaka ya kutunga sheria yamegawanywa. Katiba ya mwaka 1977, katika Nyongeza ya Kwanza, imeorodhesha mambo 22 ya Muungano. Polisi imo, Mahakama ya Rufani imo, dawa za kulevya hazimo. Kwa hiyo, kwa ibara ya 64, jambo hilo kwa Zanzibar ni la Baraza la Wawakilishi, na Bunge halina uwezo wa kulitungia sheria huko. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ambayo kwayo mkulima wa bangi aweza kufungwa hadi miaka 30, ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ilitunga yake mwaka 2009, na mwaka 2021 ikatunga nyingine iliyounda mamlaka yake yenyewe.

Kwa Wamarekani mambo ni magumu zaidi. Bunge lao lilipiga marufuku bangi nchi nzima mwaka 1970. Mwaka 2005 Mahakama yao Kuu kabisa ikaamua kwamba marufuku hiyo humfikia hata mgonjwa wa California aliyeruhusiwa na sheria ya jimbo lake. Lakini serikali ya shirikisho haiwezi kuwalazimisha polisi wa jimbo kuitekeleza. Basi mtu mmoja yuko chini ya sheria mbili zinazopingana! Mpango wetu, kwa maoni yangu, humtendea mshtakiwa haki zaidi.

Hauna usawa kamili, lakini. Wabunge wa kutoka Zanzibar hupiga kura juu ya sheria inayotuhusu sisi wa Bara, ilhali sisi hatuna mjumbe katika Baraza lao. Hilo ni la kujadiliwa bila hasira.

Kwa sasa, mzazi ambaye mwanawe ameshikwa Unguja asianze kwa kutafuta sheria ya 2015. Aombe kuonyeshwa hati ya mashtaka, aangalie imetaja sheria ipi, ndipo atafute wakili anayeruhusiwa kusimama katika mahakama za kule.