Maji Tunayokunywa: Hotuba ya Mwenyekiti, Sherehe ya Miaka 10



Habari ya hisa na mikopo atawasomea mweka hazina, nayo ni nzuri. Sisi tumeomba tuseme habari ya maji, maana imetuletea maneno mengi kuliko hata wadaiwa sugu.

Hapa Arumeru, chini ya Mlima Meru, meno ya kahawia tumeyakuta. Wengine husema ni ya ukoo, wengine eti mtoto hapigi mswaki. Siyo. Ni floraidi, inatoka kwenye mawe ya volkano na kuyeyuka katika maji ya ardhini. Haionekani, hainuki. Maji yanang'aa kabisa! Na ukiyachemsha haitoki. Maji yakipungua sufuriani, yaliyobaki yanakuwa makali zaidi. Dawa ya kuulia vijidudu nayo haiiondoi. Mtoto huharibika meno yakiwa bado yanajengwa ndani ya ufizi, tangu kuzaliwa mpaka miaka 8 hivi. Ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia mifupani, ndiyo mnaona migongo migumu na matege. Binti anacheka amefunika mdomo kwa kanga, jamani, inauma.

Basi tukatoa fedha kwenye mfuko wa jamii, tukapeleka maji maabara, kisima kimoja kimoja. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Visima viwili vya majirani, huwezi kuamini, kimoja kizuri na kingine kimepita kiwango mara kadhaa. Kwa hiyo usiseme "cha jirani kimepimwa, changu kipo salama".

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kisima kimoja kilichopita kiwango ni cha mwenzetu, mjane, anayesomesha watoto kwa kuuza maji. Wapo waliotaka majibu yafichwe, na wapo waliotaka asimame mbele ya mkutano kama mwizi. Tulibishana vikao vitatu. Tukakubaliana: majibu yasomwe, na yeye awe wa kwanza kupewa mkopo wa tangi, bila riba. Leo anauza maji ya kisima ya kufulia na kumwagilia, na anawaambia wateja wazi. Ya kunywa anakinga mvua, maana mvua karibu haina floraidi. Mvua ya kwanza anaiacha isafishe bati.

Wenye uwezo watumie chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kama ule uliofanyiwa utafiti Ngurdoto hapa kwetu. Lakini mkaa huo unachoka, lazima ubadilishwe. Tumeona nyumba ambako chujio limekaa kama pambo.

Na magadi! Tunajua maharage bila magadi yanamaliza kuni. Ila magadi ya huku yana floraidi nyingi. Loweka maharage usiku kucha, yataiva.

Bado nyumba za bondeni hazijapimwa. Chupa za plastiki ziko mezani kwa katibu. Suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale ya kisima, jaza, funga, andika jina la kisima na tarehe. Zirudishwe Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi, gari la kwenda mjini halisubiri. Masika yakiisha tutapima tena, kwa kuwa maji hubadilika na majira.