Kicheko na Hukumu: Maoni ya Wasomaji juu ya Hadithi za Wizi wa Kuchekesha



1. Utangulizi

Miongoni mwa tanzu ambazo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezipita kwa haraka ni hadithi fupi ya wizi wa kuchekesha. Katika hadithi ya namna hii mtu hupanga hila ya kujipatia mali isiyo yake, hila hiyo hufuatwa hatua kwa hatua, na msomaji hujikuta akicheka badala ya kukasirika. Damu haimwagiki, silaha ni ulimi na akili, na mara nyingi aliyeibiwa ndiye anayebaki na aibu. Hadithi hizi husomwa sana na kuhakikiwa kidogo. Hata zinapohakikiwa, swali linaloulizwa huwa ni lile la mtunzi: alikusudia kufunza nini? Swali la msomaji, yaani amemcheka nani na kwa nini, huachwa pembeni.

Mhadhara huu unashughulikia swali hilo la pili. Hoja yake ni kwamba kicheko cha msomaji ni hukumu. Anayemcheka aliyeibiwa hajauhalalisha wizi. Amepima nani ana nguvu, nani ana tamaa na nani ana haki, akakata shauri kabla hajaweza kulieleza kwa maneno. Kazi ya uhakiki ni kumsaidia aeleze sababu za hukumu yake, si kumwamuru aifute.

2. Mzozo wa Zamani

Wasiwasi juu ya hadithi hizi haukuanzia Afrika Mashariki. Mwaka 1899 mwandishi Mwingereza E. W. Hornung alichapisha hadithi fupi za Raffles, mchezaji wa kriketi aliyekubalika katika nyumba za watu wakubwa huku akiiba vito vyao. Kitabu hicho alimtabarukia shemeji yake, Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes. Doyle aliusifu ufundi wa hadithi hizo, lakini katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1924 alieleza kwamba si salama kumfanya mhalifu kuwa shujaa. Wasomaji wengi hawakumfuata. Raffles aliendelea kusomwa, na mwaka 1905 Maurice Leblanc alianza kuchapisha nchini Ufaransa hadithi za mwizi mwingine mcheshi, Arsène Lupin.

Nchini Tanzania mzozo kama huo ulichukua sura nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, fasihi ilitarajiwa kushiriki katika ujenzi wa taifa. Riwaya za uhalifu na upelelezi zilipozagaa katika miaka ya 1970, baadhi ya wahakiki waliziona kuwa burudani isiyo na uzito. Rajmund Ohly alizichunguza nathari za muongo huo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1981, na kadiri muda ulivyopita istilahi za “fasihi dhati” na “fasihi pendwa” zikazoeleka. Mgawanyo huo una manufaa yake, lakini una kasoro moja kubwa. Neno “pendwa” linakiri kwamba wapo wanaopenda, kisha halimuulizi hata mmoja wao anapenda nini.

Mtaalamu wa Kijerumani Hans Robert Jauss, katika mhadhara alioutoa Konstanz mwaka 1967, alisisitiza kwamba kila msomaji huikabili kazi ya fasihi akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizozijua kabla yake na mazingira anamoishi. Mifano miwili ifuatayo itaonesha jinsi upeo huo unavyofanya kazi katika Kiswahili.

3. Sufuria Iliyozaa

Mfano wa kwanza ni hekaya mashuhuri ya Abunuwasi na sufuria. Jina la Abunuwasi linatokana na mshairi halisi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya tisa, ingawa visa vingi anavyopachikwa vilizuliwa baadaye, na vingine husimuliwa kwingineko kwa jina la Nasreddin Hoja. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani. Anairudisha ikiwa na sufuria ndogo ndani yake, akisema kwamba ile kubwa imezaa. Jirani anazipokea zote mbili kwa furaha. Siku nyingine Abunuwasi anaazima tena, na safari hii hairudishi. Anapodaiwa anajibu kwa huzuni kwamba sufuria imekufa. Shauri linapofika mbele ya mwamuzi, jirani hana la kusema: aliyekubali kwamba sufuria huzaa hawezi kukataa kwamba hufa.

Msomaji mwenye jicho la sheria anaweza kusema huu ni wizi mtupu. Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu kuwa wizi kitendo cha kuchukua mali ya mwingine kwa nia ya udanganyifu na bila madai ya haki, au kuigeuza kuwa ya mtu asiye mwenyewe. Kwamba sufuria iliazimwa kwa ridhaa hakumwokoi Abunuwasi. Msomaji mwenye jicho la maadili anaweza kuongeza kwamba ujirani umevunjwa. Maoni yote mawili ni sahihi, na hakuna hata moja linaloeleza kwa nini watu wanacheka.

Jibu limo katika lugha yenyewe. Kiswahili huruhusu vitu visivyo na uhai kuzaa na kufa. Mti huzaa matunda na fedha huzaa faida. Saa hufa na injini hufa. Hata hivyo upatanisho wa kisarufi hauyumbi: sufuria “imezaa”, sufuria “imekufa”, wala haisemwi kwamba “amezaa” au “amekufa”. Sarufi inamwambia jirani wazi kwamba kinachozungumzwa ni chombo. Anaisikia, lakini faida inamziba masikio. Zaidi ya hayo, alichokipokea ni nyongeza juu ya kitu kilichoazimwa, na kwa msomaji aliyekulia katika mazingira ya Kiislamu nyongeza ya namna hiyo inanuka riba. Kwa hiyo kosa la kwanza katika hadithi, kwa mizani ya msomaji huyo, limetendwa na jirani.

Hukumu hii inaweza kujaribiwa. Jirani abadilishwe, awe mjane mwenye sufuria moja tu, anayeipokea ile ndogo kwa kuogopa kumkatalia mtu wa barazani kwa mfalme. Hila ni ileile na maneno ni yaleyale, lakini kicheko kinakauka. Ni dhahiri basi kwamba msomaji hacheki wizi kwa kuwa ni wizi. Anacheka tamaa iliyonaswa kwa kauli yake yenyewe.

Upo ushahidi wa msomaji mmoja aliyeiacha hukumu yake kwenye maandishi. Mwalimu Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi, ambamo Shylock ananaswa mahakamani kwa maneno ya mkataba wake mwenyewe, aliipa jina la Mabepari wa Venisi (1969). Angeweza kusema “mfanyabiashara”. Alichagua “mabepari”, tena kwa wingi, na kwa neno hilo moja hukumu ikaacha kumwangukia Shylock peke yake, ikawagusa na wenye mali wanaomzunguka.

4. Kisima cha Wanyama

Mfano wa pili unafaa kutazamwa kutoka Kikuyu, mjini Dodoma, mahali ambapo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kilianza mwaka 2007 katika eneo la iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Ni hadithi inayosimuliwa kwa sura nyingi Afrika Mashariki na Kati. Ukame unapoingia wanyama wanakubaliana kuchimba kisima. Sungura anakataa kuchimba. Maji yanapopatikana anazuiliwa, lakini kila usiku anakuja na kibuyu cha asali, anawarubuni walinzi wenye nguvu wakubali kufungwa kamba ili waonjeshwe, kisha anakunywa, na pengine anaoga. Mwishowe Kobe anapakwa ulimbo mgongoni na kujificha majini, na Sungura ananasa.

Mtu aliyezoea bomba anaweza kuisoma hadithi hii kama mzaha kutoka mwanzo hadi mwisho. Katika uwanda wa kati wa Tanzania usomaji huo hauji kwa urahisi. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kwa vizazi vingi watu wa Ugogo wamechimba maji katika mchanga wa makorongo wakati wa kiangazi. Njaa ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyoletwa na ukame pamoja na unyang’anyi wa chakula, mifugo na nguvukazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, imebaki katika historia ya eneo hilo kwa jina lake. Msikilizaji mwenye urithi huo anajua kisima kinagharimu jasho kiasi gani.

Kwa sababu hiyo kicheko chake kinagawanyika. Anawacheka walinzi, kwa kuwa walijivunia misuli na wakashindwa na lepe la asali. Hacheki maji yanapochafuliwa, maana waliyoyachimba ni wengi na wanaoyahitaji ni wote. Abunuwasi alimnasa mwenye tamaa. Sungura anawaibia waliotoka jasho. Ndiyo maana hadithi inamhitaji Kobe. Simba angemkamata Sungura kwa makucha, na huo ungekuwa ushindi wa mwenye nguvu tu. Kobe, mnyonge na mzito wa mwendo, anamshinda mjanja kwa subira, na hukumu inakuwa ya jamii.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba miisho ya hadithi hii inatofautiana. Katika baadhi ya masimulizi Sungura huadhibiwa. Katika mengine huponyoka kwa hila ya mwisho. Msimulizi husoma nyuso za wasikilizaji, na panapopokewa vizuri hupashika. Tofauti za miisho si kasoro za kumbukumbu tu. Ndani yake mna maoni ya wasikilizaji ambao hawakuandika neno hata moja.

5. Kutoka kwa Mwizi hadi kwa Mpelelezi

Chapa ilipokuja, ujanja ulihama. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Bwana Msa, mpelelezi wake wa Unguja mwenye kiko mdomoni, ana nasaba ya wazi na Sherlock Holmes. Akili iliyokuwa ya Abunuwasi sasa ilikuwa upande wa anayefumbua. Baadaye Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa walizidisha kasi na hatari, na ucheshi ukapungua. Mwizi wa kuchekesha hakutoweka. Alipata makao kwenye vibonzo, mathalani katika jarida la Sani, ambamo majina kama Ndumilakuwili na Lodi Lofa yalitosha kuwachekesha wasomaji kabla ya tukio lenyewe.

Mabadiliko haya nayo yanaonesha maoni ya wasomaji. Wapo waliotaka mhalifu ashindwe, sawasawa na methali isemayo kwamba siku za mwizi ni arobaini. Wapo pia waliotaka kuzihesabu zile thelathini na tisa za mwanzo. Fasihi iliwahudumia wote, lakini uhakiki uliwasikiliza zaidi wale wa kwanza.

6. Ngonjera kama Njia ya Uhakiki

Dodoma imekwisha kuipa fasihi ya Kiswahili chombo cha kusikiliza maoni yanayopingana. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, ndiye aliyeasisi ngonjera, utungo ambamo pande mbili hubishana kwa zamu. Vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilitoka baada ya kifo chake. Aghalabu ubishi wa ngonjera huishia kwenye maafikiano, na katika zama za Ujamaa maafikiano hayo mara nyingi yalijulikana kabla ubishi haujaanza. Mwalimu wa fasihi anaweza kuchukua zamu za ngonjera na kuacha mwisho wake.

Maswali matatu yanatosha kuanzisha mjadala. Kwanza, msomaji alimcheka nani? Pili, kicheko chake kilikoma wapi? Tatu, ni badiliko gani moja katika hadithi lingekiua kabisa? Swali la tatu ndilo zito, kwa kuwa linamlazimisha msomaji kuonesha ushahidi ndani ya matini. Asemaye “nimeipenda” anabaki na ladha yake. Asemaye “ningeichukia kama jirani angekuwa mjane” tayari ameanza kuhakiki.

7. Hitimisho

Jambo lililo hatarini hapa ni ukweli wa darasani. Mwanafunzi anaisoma hekaya ya sufuria, anacheka hadi machozi yanamtoka, kisha kwenye karatasi ya mtihani anaandika kwamba dhamira ya hadithi ni ubaya wa wizi. Jibu linapewa alama. Yeye anajifunza kwamba kusoma ni kitu kimoja na kujibu ni kitu kingine, na kwamba kinachotakiwa ni jibu lisilolingana na kicheko chake. Atakayekuwa ameizoea tabia hiyo atakuwa mhakiki wa namna gani, au hata raia wa namna gani?

Kuyapokea maoni ya wasomaji si kusema kwamba kila maoni ni sawa. Anayecheka sufuria ya mjane atapaswa kujieleza, sawa na asiyecheka tamaa ya jirani. Ni kukubali tu kwamba uhakiki huanzia pale msomaji aliposimama kweli. Abunuwasi alimshinda jirani kwa kumshika kwa kauli yake. Mwalimu wa fasihi amshike mwanafunzi kwa kicheko chake, amdai sababu, na asimwachie mpaka aipate.