Sikio la Dola na Mkono Wake

(Hotuba iliyosomwa Igoma, Mwanza, mbele ya wanachama wetu wa visiwani wakaao kandokando ya Ziwa)



Tumekutana hapa Igoma, mbali na bahari yetu, lakini linalotusumbua ni lile lile linalowasumbua wenzetu wa Unguja na Pemba. Kila penye wanachama watatu, mmoja hunong'ona kuwa fulani ni shushushu. Mikutano imepungua watu, na marafiki wa miaka mingi hawapeani tena mkono. Kwa hivyo yatupasa kueleza upelelezi wa dola ni kitu gani, umetoka wapi, na mpaka wake uko wapi. Kwani kisichojulikana huogopwa kupita kadiri yake.

Wafalme wa kale walikuwa na majasusi wao. Lakini idara ya kudumu, yenye ofisi, mafaili na mishahara, ni jambo la juzi. Mwaka 1883 polisi wa London waliunda tawi khasa la kuwaandama Waairishi waliokuwa wakitega baruti mjini humo. Mwaka 1909, kwa kuwahofu Wajerumani, Waingereza walianzisha ofisi ya siri, ambayo baadaye iligawika mbili: moja ya kuwasaka majasusi wa kigeni nyumbani, na nyingine ya kutafuta khabari ng'ambo. Lile tawi la polisi nalo liliigwa makoloni, na huko likawatazama raia waliodai haki zao kama kwamba wao ndio adui. Nyumba hiyo tumeirithi pamoja na nyufa zake.

Kanuni za kazi hii ni chache. Ya kwanza, mpelelezi ni sikio, si mkono: hukusanya khabari, huzipima, na kuzifikisha kwa mtawala. Kukamata ni kazi ya polisi, na kuhukumu ni kazi ya hakimu. Ya pili, neno la mtu mmoja si ushahidi mpaka lithibitishwe kwa njia nyingine. Ya tatu, mpelelezi aseme kweli hata ikiwa haimpendezi bwana wake.

Kanuni hizo zimewahi kuvunjwa katika mkoa huu huu. Mwaka 1976 Mwanza na Shinyanga zilikumbwa na mauaji ya wazee waliotuhumiwa uchawi. Maofisa wa polisi na wa usalama wakatumwa kuwatafuta wauaji. Sikio na mkono vikawa kitu kimoja: watuhumiwa waliwekwa ndani, wakateswa ili waungame, na baadhi yao wakafa. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekulia Unguja na wakati huo akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, ingawa hakumpiga mtu kwa mkono wake. Waziri mwenziwe Peter Siyovelwa alijiuzulu pia, pamoja na wakuu wa mikoa yote miwili. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani wakahukumiwa. Hiyo ndiyo maana ya kuwajibika.

Nasi visiwani tuna somo letu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Ujerumani ya Mashariki ilituma wataalamu wa usalama Unguja. Mkuu wake wa ujasusi wa nje, Markus Wolf, alifika mwenyewe mwaka huo. Wazee wetu waliishi wakiogopa hata kuta. Lakini itazameni dola ya huyo mwalimu: mwaka 1989 wizara yake ya usalama ilikuwa na watumishi kiasi cha 90,000, mbali na watoa khabari wa mitaani, na mwisho wa mwaka 1990 dola yenyewe haikuwapo. Ilijua kila mtu amekunywa chai na nani, lakini ujuzi huo haukuipatia imani ya raia wake.

Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1996, ilipopitishwa, iliandika katika kifungu cha 5 kuwa si kazi ya Idara kutekeleza hatua za usalama, wala kumfuatilia mtu kwa sababu tu ya kupinga au kulalamika kwa njia ya halali. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2023. Sisi twasema: lolote litakalorekebishwa, mpaka ule ni wetu kuutetea.

Basi tufanye nini? Mikutano yetu iwe ya wazi, na kumbukumbu ziandikwe. Aliyetumwa kusikiliza na asikilize, kwani hatusemi chumbani tusiloweza kulisema uwanjani. Mwanachama asimwite mwenziwe shushushu bila ya ushahidi. Afanyaye hivyo huwatumikia bure wanaotaka kutuvunja. Na mtu wetu akikamatwa, tuulize kwa maandishi: nani amemkamata, kwa sheria gani, na yuko kituo gani.

Ndugu zetu, nendeni mkapeane mikono. Dola haina haja ya kututegea sikio mlangoni, kwani tutakalo tumeshalisema mbele yake.