Utumbo Unavyosema na Moyo



Mnyama akiisha kula, damu nyingi huelekea matumboni mwake ili kusaidia kazi ya kumeng'enya chakula, na moyo nao hubadili mwendo. Je, ni nani apelekaye habari? Zamani wenye elimu walijibu upesi kwamba ni mishipa ya fahamu. Hata Ivan Pavlov, yule bingwa wa Urusi, alishika neno hilo.

Tarehe 16 Januari 1902, katika University College, London, William Bayliss na Ernest Starling waliazimu kulijaribu. (Walikuwa mashemeji, maana Bayliss alimwoa dada yake Starling.) Mbwa alipewa dawa ya usingizi, kisha wakakata mishipa ya fahamu iendayo kwenye kipande kimoja cha utumbo mwembamba, wakaiacha ya damu tu. Walipotia asidi ndani ya kipande kile, kongosho likatoa maji yake. Habari imefikaje, na njia imekatwa? Starling akakwangua utando wa ndani wa utumbo, akausaga pamoja na mchanga na asidi, akauchuja. Na maji yale yakatiwa katika mshipa wa damu wa shingoni.

Hapa ndipo penye fumbo letu. Kwanza msukumo wa damu ulishuka sana; ndipo, baada ya kama sekunde 70, kongosho likaanza kutiririka. Mwenye haraka angalisema kwamba jambo la kwanza ndilo lililozaa la pili. Wao hawakusema hivyo. Walichukua utando wa mwisho wa utumbo mwembamba, wakautengeneza vilevile: damu ikashuka, lakini kongosho lisitikisike. Kumbe chunguni mlikuwamo vitu viwili! Kile cha kongosho wakakiita sekretini, na mwaka 1905 Starling akavipa vitu vya namna hiyo jina la homoni, kutoka neno la Kiyunani la kuamsha.

Mwaka 1970 Sami Said na Viktor Mutt walitoa katika utumbo wa nguruwe kitu kinacholegeza mishipa ya damu kwa nguvu kabisa, kiitwacho VIP. Nanyi angalieni: mishipa ikilegea, msukumo hupungua, na moyo hukaza mapigo ili kufidia. Basi ahesabuye mapigo peke yake hawezi kujua kama homoni imeugusa moyo wenyewe, au imeigusa mishipa na moyo umefuata tu. Mimi naona kosa hili ndilo jepesi kuliko yote katika elimu hii.

Tena wanyama hawafanani. Homoni ya utumbo iitwayo GLP-1, ikitiwa katika damu ya panya, huongeza mapigo na msukumo pia. Lakini wanadamu watumiao dawa za mfano wake kwa ugonjwa wa kisukari, mapigo yao huongezeka kidogo, na msukumo wa damu hushuka kidogo.