Kambi ya Ziwani Si Anasa
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Isansa)



Nimepewa dakika chache, nami sitazimaliza kwa salamu. Mbele yetu liko pendekezo kwamba umoja wetu uwapeleke wanafunzi arobaini Matema, kando ya Ziwa Nyasa, wakapige kambi siku nne. Baadhi ya wenzetu wamesema waziwazi kwamba hiyo ni anasa, na kwamba fedha hizo zingenunua madawati. Hoja yao ni nzito. Inastahili kujibiwa kwa hoja.

Kwanza tutazame tulipo. Sisi wa Mbozi tunaishi juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Upande wetu huu wa nchi una mito miwili yenye jina moja la Songwe. Mmoja unakwenda kaskazini hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutoka. Wa pili unashuka kuelekea mashariki, ukiwa mpaka wetu na Malawi, mpaka Ziwa Nyasa. Mkoa wetu ulipoundwa mwaka 2016 ulichukua jina hilo. Basi udongo unaochukuliwa na mvua katika mashamba yetu ya kahawa na mahindi una safari ndefu, na mwisho wa safari hiyo ni ziwani. Mkulima wa huku akilima hadi ukingoni mwa kijito, mvuvi wa kule ndiye anayeona maji machafu. Lakini wako vijana wa kidato cha nne wanaoweza kuandika kwamba Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi, nao hawajawahi kuona wimbi.

Pili, safari yenyewe ni darasa. Kutoka hapa tunapita Mbeya, tunakata kona Uyole, tunapita Tukuyu ubavuni mwa Mlima Rungwe penye chai na migomba, kisha tunashuka hadi mpunga na kakao za Kyela. Tutakuwa tumeteremka karibu mita elfu moja. Anayeshuka garini na sweta atalivua mwenyewe bila kuambiwa na mwalimu wa jiografia.

Matema ni kijiji chenye ufukwe wa mchanga, na Milima ya Livingstone imesimama juu ya maji kama ukuta. Ziwani mna samaki wa aina zaidi ya 700, wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wenzetu wa Malawi walitenga sehemu ya kusini ya ziwa hilo kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1980, na mwaka 1984 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Jirani na Matema, huko Ikombe, wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu vinavyouzwa mpaka Mbeya. Wengi wetu tumekula maharage yaliyopikwa katika vyungu hivyo bila kujua vilikotoka.

Mimi nimekwenda Matema mara nne. Safari moja tulikuwa sita, tukataka kuvuka kwa mtumbwi kwenda Ikombe. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Mvuvi mmoja mzee alitazama kusini kwa muda, akasema, “Wanangu, leo hapana.” Tulimwongezea fedha, akazikataa. Kabla ya saa sita mchana mawimbi yalikuwa yanapanda hadi kwenye mitumbwi iliyovutwa mchangani. Mzee yule hakutuhubiria, alikuwa anatengeneza wavu wake. Natamani kila kijana wa shule hii amwone mtu anayekataa fedha kwa sababu ya anachokijua.

Kwa hiyo kambi hii isiwe ya kubahatisha. Ufukwe wa Matema hauna geti la hifadhi wala askari wa wanyamapori, basi ulinzi ni juu yetu. Twende Septemba, wakati wa likizo fupi, masika yakiwa yamekwisha na upepo mkali wa kusini wa katikati ya mwaka umepungua. Tupate kibali cha serikali ya kijiji. Kila hema liwe na chandarua. Mtu asioge peke yake, wala usiku, wala karibu na matete na midomo ya mito, kwa kuwa huko kuna konokono wa kichocho na mamba. Wiki chache baada ya kurudi, wote wapimwe kichocho. Dawa yake ipo. Wavulana na wasichana wawe na kambi zao, kila moja na walimu wake.

Nije kwenye madawati. Sipendekezi tuguse hata shilingi moja ya madawati. Napendekeza kila mmoja wetu mwenye uwezo amlipie nauli mwanafunzi mmoja. Mahindi na maharage yatoke shamba la shule, mahema tuazime, samaki wanunuliwe kwa wavuvi wenyewe. Na wanafunzi watakaokwenda wawe na deni: wakirudi, wapande miti ya asili kando ya kijito kilicho karibu nasi, na waandike taarifa katika gazeti hili, ili tuliolipa tujue tulilipia nini.

Dawati humsaidia kijana kukaa na kusikiliza, nasi tutalinunua. Lakini iko elimu asiyoweza kuipata akiwa amekaa, nayo iko umbali wa safari ya siku moja tu kutoka hapa.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.