Trakta kwa Shamba Dogo: Maneno kwa Wandugu Wakulima



Tulipata uhuru mwaka 1960, lakini Katanga bado inangoja unga wa Zambia. Mpaka ukifungwa, bei ya mfuko inapanda na watoto wetu wanalala njaa. Basi tulime, na tuchague trakta kwa akili.

Mwenye hekta 3 za mahindi asitamani mashine kubwa. Nguvu za farasi 25 ao 30 zinatosha. Lakini tuulize na uzito: trakta nyepesi inateleza, jembe haliingii. Magurudumu yote 4 yavute, na iwe fupi, ipate kuzunguka vichuguu vyetu vikubwa. Nyuma iwe na shafti ya kuzunguka mara 540 kwa dakika. Kiisha mavuno itazungusha mashine ya kusaga.

Sisi watu wa migodi tunajua: mashine bila pyesi za kubadili ni chuma kilicholala. Mbele ya kulipa, muuzaji atuonyeshe filtri na mikanda katika depo yake hapa Lubumbashi. Akisema zitatoka Ulaya, tuondoke. Mvua ya mwezi wa 11 haingoji mtu.

Mmoja hana feza? Tununue watu watano, na saa za kazi na mazuti ya kila mmoja ziandikwe katika daftari, mbele ya wote.

Mwenye kujilisha ndiye huru!