Kura ya Pauni 3
Jeremy Corbyn, wakati huo mbunge wa mrengo wa kushoto wa Chama cha Leba cha Uingereza, aliingia katika kinyang'anyiro cha uongozi mwaka 2015 akiwa na wadhamini 36, ilhali walihitajika 35, na baadhi yao walimdhamini ili kupanua mjadala tu. Kanuni mpya zilimruhusu mfuasi aliyejiandikisha, yaani mtu asiye mwanachama kamili, kupiga kura kwa kulipa pauni 3, na Corbyn akashinda kwa asilimia 59.5. Wafuasi wake waliochoshwa na kubana matumizi, yaani kupunguzwa kwa fedha za huduma za jamii, walistahili kusikilizwa mapema zaidi. Inasikitisha kwamba Juni 2016 wabunge 172 wa chama hicho walimkataa, lakini Septemba wapigakura wa chama wakamchagua tena kwa asilimia 61.8.